Percy Bridgman: Kanieneo, Halijoto na Maana ya Neno

Katika madarasa ya semantiki ya vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, mwanafunzi hukutana mapema na majina ya Saussure, Ogden na Richards, na wengineo waliojiuliza neno hupataje maana. Jina la Percy Williams Bridgman ni nadra kutajwa miongoni mwao, na sababu yaeleweka: huyu alikuwa mwanafizikia wa maabara, mtu wa chuma na mikono yenye grisi. Hata hivyo, mwaka 1927 Bridgman alichapisha mambo mawili yanayostahili kusomwa pamoja. La kwanza ni kitabu kilichodai kwamba istilahi ya kisayansi haina maana nje ya vitendo vifanywavyo wakati wa kuipima. La pili ni ripoti ya vipimo vya elementi 10 zilizobanwa kwa kanieneo kubwa, ambamo metali iitwayo seriamu ilionekana kusinyaa kwa ghafla, kana kwamba imepoteza kitu ndani yake. Wanafalsafa walikishika kitabu, wanafizikia wakaishika ripoti. Ni wachache waliojali kwamba vyote viwili vilitoka katika meza moja.

Mambo aliyoyachunguza hayaonekani kwa macho, na msomaji wa lugha hana wajibu wa kumiliki maabara. Kwa hiyo maelezo yatashikizwa hapa mahali ambapo maji, joto na msongamano ni mambo ya kila siku: Garsen, katika delta ya Mto Tana nchini Kenya, pale barabara ya kutoka Malindi kwenda Lamu inapokutana na mto. Tana huanzia katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya, husafiri takriban kilomita 1,000, na hufika Garsen ukiwa umepunguza mwendo na kujaa matope. Bridgman alizaliwa, akafanya kazi na akafa mbali na huko. Lakini swali lililomshughulisha maisha yake yote lingeweza kuulizwa na mvuvi yeyote wa Tana: kitu kikisukumwa kidogo kidogo, kwa nini hugeuka kwa mara moja?

Delta yenyewe ina kisa kinachofaa. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na Mto Ozi ili vyombo vipite. Ulikuwa mfereji mwembamba. Maji yakaukwangua, gharika baada ya gharika, hadi mto wenyewe ukauacha mlango wake wa kale na kuanza kumwaga maji baharini kupitia Kipini. Sukumo liliongezeka polepole, ukafikiwa mpaka fulani, na ng'ambo ya mpaka huo Tana haukuwa tena mto uleule katika ramani. Mfano huu una kasoro yake, kwani mto ulichukua miaka na hakuna awezaye kuutaja mpaka wenyewe kwa tarakimu. Kwa metali mpaka hutajwa kwa tarakimu, na mtu aliyeonyesha kwamba inawezekana kuutaja kwa vitu vingi kiasi hicho ndiye Bridgman.

Alizaliwa tarehe 21 Aprili 1882 katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts, Marekani. Baba yake, Raymond Landon Bridgman, alikuwa mwandishi wa magazeti aliyefuatilia siasa za jimbo hilo, mtu wa dini aliyetaraji mwanawe aifuate njia ya kanisa. Mwana hakuifuata, ingawa ukali wa dhamiri aliurithi wote. Alikulia Newton, akaingia Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1900, akapata shahada ya uzamifu mwaka 1908, na hakukihama chuo hicho hadi alipostaafu mwaka 1954. Mwaka 1912 alimwoa Olive Ware, wakajaliwa watoto wawili. Nje ya maabara alipenda kupanda milima na kulima bustani. Vikao vya kamati alivikwepa kadiri alivyoweza, tabia ambayo wahadhiri wengi wangependa kuiiga lau wangethubutu.

Kazi iliyomtukuza ilianza kwa ajali. Karibu na mwaka 1905 alinuia kuchunguza jinsi kanieneo inavyoathiri mwanga. Kifaa chake cha kioo kikapasuka, na alipokuwa akingoja kingine akaanza kuuchezea mtambo wenyewe. Tatizo kubwa la wakati huo halikuwa nguvu ya kusukuma. Lilikuwa uvujaji. Mfaransa Amagat alikuwa amefika takriban angahewa 3,000, yaani kanieneo iliyo mara 3,000 ya ile ya hewa inayotuzunguka, na ng'ambo ya hapo kimiminika kilipenya katika kila kiungo. Bridgman alibuni kizibo ambacho kadiri kimiminika kilivyosukuma, ndivyo kilivyozidi kukaza. Siri yake ni hesabu ya darasa la sekondari. Kani ya kimiminika chote huangukia pete laini yenye eneo dogo kuliko lile kinalolisukuma kimiminika chenyewe. Kani ileile ikigawanywa kwa eneo dogo zaidi, kanieneo ndani ya pete huwa kubwa kuliko ya kimiminika wakati wowote, na hakiwezi kupenya.

Mwanafunzi wa Kiswahili ataona jambo hapa. Uvumbuzi wote umo ndani ya neno lenyewe: kani juu ya eneo. Aliyeliunda neno kanieneo aliliunda kwa namna ambayo mtu akilitamka anaambiwa afanye nini ili akipate kipimo chake. Shinikizo, linalotumiwa pia, ni neno zuri na lina joto la maisha ndani yake, kwa kuwa watu hushinikizwa na wadai na wakubwa wao. Lakini halimwelezi mpimaji aanze wapi. Suala hili litarudiwa.

Kwa kizibo hicho Bridgman alifika angahewa 12,000, kisha 20,000, na baadaye, vyuma bora vilipopatikana, 100,000 na zaidi kwa sampuli ndogo. Ili msomaji apate kipimo, mahali penye kina kirefu kuliko pote baharini pana kanieneo ya angahewa 1,100 hivi. Kazi hii ilikuwa na hatari. Mwaka 1922 mlipuko katika maabara ya fizikia ya Harvard, uliotokana na majaribio ya kanieneo kubwa, uliua watu wawili. Bridgman aliendelea, akitumia mafundi wachache aliowaamini na akifanya vipimo vingi kwa mikono yake mwenyewe, asubuhi na mapema, kabla chuo hakijaamka.

Dunia aliyoikuta ndani ya mtungi wake wa chuma haikufanana na ya nje. Barafu, ambayo mchuuzi wa samaki wa Garsen huipoteza mchana mmoja ikiwa haikufunikwa, ilikuwa na sura kadhaa, si moja. Gustav Tammann alikwisha kupata mbili ngeni. Bridgman akaongeza nyingine mwaka 1912, na mwaka 1937 akapata barafu iliyobaki mango hata katika halijoto ipitayo ile ya maji kuchemka. Mwaka 1914 aliubana ute wa yai kwa takriban angahewa 7,000 katika halijoto ya kawaida. Ulipotoka ulikuwa umeganda kama uliochemshwa, bila moto wowote. Mwaka huohuo aliibana fosforasi nyeupe, isiyopitisha umeme, huku akiipasha joto hadi nyuzi 200, akapata fosforasi nyeusi, inayopitisha. Kwa hiyo kanieneo haikuwa namna tu ya kuvifanya vitu vidogo. Ilivigeuza kuwa vingine, na mara nyingine ilihitaji kushirikiana na halijoto ili ifanye hivyo.

Kitendawili kikubwa zaidi, hata hivyo, kilikuwa ni cha metali, na kukieleza kunadai kwanza elektroni zielezwe. Katika shaba, elektroni husafiri karibu kana kwamba kila moja iko peke yake. Ndiyo maana hesabu ya shaba ni nyepesi: ukiijua elektroni moja, umezijua zote. Lakini kuna vitu ambamo elektroni haziwezi kusahauliana. Zote zina chaji hasi na zinasukumana, na pale zilipobanwa katika nafasi finyu kuzunguka atomu zao, hakuna inayosogea bila kuzijali jirani zake. Vitu hivyo vinaweza kuitwa vitu vyenye elektroni zihusianazo.

Msomaji na aifikirie mitumbwi mingi ya gogo moja iliyofungwa kwa safu mtoni Garsen, kila mtumbwi ukiwa na mtu mmoja. Mtumbwi unaweza kubeba wawili, lakini kwa taabu: wa pili akiingia, huyumba na nusura upinduke. Wote wanataka kwenda ng'ambo, na njia pekee ni kuruka kutoka mtumbwi hadi mtumbwi. Maadamu mitumbwi imetengana, kuruka ni kugumu na kumpokea mgeni ni hatari, basi kila mtu hukaa alipo. Watu wapo tele na hakuna anayesafiri. Hicho ni kihami, na ni kihami cha ajabu, maana hesabu ya shaba, imhesabuyo kila mtu kana kwamba yuko peke yake, ingetabiri kwamba watu hao watapita bila kizuizi. Sasa mitumbwi na isukumwe hadi mbavu zigusane. Hatua ya kuvuka inakuwa nyepesi kuliko hofu ya kuyumba, na umati mzima unaanza kutiririka kama uliopata daraja. Mtumbwi ndio atomu, mtu ndiye elektroni, na mkono uisogezao mitumbwi pamoja ni kanieneo.

Halijoto nayo ina kazi yake. Ni ile hali ya kutotulia kwa watu. Usiku wa baridi wanaweza kujipanga kwa utaratibu, huyu akitazama juu ya mto na jirani yake akitazama chini, na utaratibu huo ukawafunga zaidi mahali pao. Jua likichomoza wanaanza kugeuka-geuka, utaratibu unavunjika, na pengine njia ikafunguka. Mpaka kati ya kihami na kipitishi basi si nukta moja. Ni mstari katika ramani yenye pande mbili, kanieneo upande huu na halijoto upande ule, na mtafiti aweza kuuvuka kwa kusukuma au kwa kupasha moto.

Seriamu ni kisa cha pembeni kidogo. Ni mojawapo ya metali za kundi la ardhi adimu, ambazo katika Afrika Mashariki hutajwa mara kwa mara kwa sababu ya Mlima Mrima wa Kwale, kusini mwa pwani ya Kenya. Ndani yake elektroni nyingine tayari husafiri, na katika kila atomu moja tu hukaa nyumbani. Chini ya angahewa 7,000 au 8,000 hivi, katika halijoto ya chumbani, metali hiyo hupungua ujazo kwa takriban asilimia 15 kwa mruko mmoja. Alichokuwa nacho Bridgman mezani mwaka 1927 ni mwendo wa pistoni na ukinzani wa umeme, basi aliripoti mruko wa ujazo na wa ukinzani. Mwaka 1949 watafiti wengine waliimulika seriamu iliyobanwa kwa mionzi ya eksi wakaona ajabu: mpangilio wa atomu ulikuwa uleule kabla na baada. Mitumbwi ilibaki katika safu zilezile, ila ilikuwa karibu zaidi. Kilichobadilika ni tabia ya yule elektroni mkaa nyumbani. Yapo madai kwamba hujiunga na wasafiri, na yapo madai kwamba hubaki alipo ila wasafiri humzingira na kuifuta sumaku yake. Mabishano hayo yalichukua miongo mingi na hayajamalizika. Jambo lililo wazi ni kwamba mstari unaozitenga seriamu mbili hufikia mwisho: katika halijoto ya juu vya kutosha mruko hutoweka, kama vile mpaka kati ya maji na mvuke unavyotoweka katika kanieneo na halijoto kubwa.

Mwaka uleule wa 1949, Mwingereza Nevill Mott alieleza kwa nadharia jinsi kitu kinavyoweza kuwa kihami kwa sababu ya kusukumana kwa elektroni, na jinsi kusogezwa kwa atomu kunavyoweza kukifanya metali. Mfano wa mitumbwi ni wazo lake lililovikwa nguo za Garsen. Oksidi moja ya vanadiamu ikawa shahidi mashuhuri. Katika halijoto ya zaidi ya nyuzi 100 chini ya sifuri hugeuka kihami, ukinzani wake ukipanda mamilioni ya mara, na katika miaka ya 1960 na 1970 ilionyeshwa kwamba kanieneo ya kutosha huuzuia mgeuko huo usitokee kabisa. Oksidi nyingine ya vanadiamu hugeuka katika nyuzi 68, halijoto ya chai iliyoachwa kidogo ipoe. Na mwaka 2023 watafiti wa China walitangaza kwamba oksidi ya lanthanamu na nikeli, ikibanwa kwa zaidi ya angahewa 130,000, huonyesha dalili za kupitisha umeme bila ukinzani wowote katika nyuzi 193 hivi chini ya sifuri. Waliibana kati ya ncha mbili za almasi. Kifaa hicho ni mjukuu wa ncha za chuma kigumu alizozibuni Bridgman.

Kitabu chake cha 1927 kuhusu mantiki ya fizikia ya kisasa kilizaliwa na mshtuko. Einstein alikuwa ameonyesha kwamba kusema matukio mawili yametokea wakati mmoja hakuna maana mpaka ielezwe saa zinalinganishwaje. Bridgman aliona aibu katika hilo: wanafizikia, na yeye miongoni mwao, walikuwa wametumia neno kwa karne nyingi bila kujua kwamba ndani yake hamna kitu. Akaazimia kwamba mshtuko kama huo usirudi tena. Kila istilahi, alidai, ielezwe kwa vitendo vyake. Urefu ni kile kinachopatikana kwa kuweka rula mara kadhaa. Urefu wa njia ya kwenda nyota, unaopatikana kwa mwanga na pembe, ni dhana nyingine hata kama jina ni lile lile. Na swali lisilo na kitendo chochote cha kulijibu si swali gumu, halina maana.

Dai hili linagusa moja kwa moja kazi ya kuunda istilahi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilipochapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, ilifanya jambo kubwa, na mjadala uliofuata katika makongamano mengi umekuwa wa kuuliza neno limetoka wapi: Kibantu, Kiarabu au Kiingereza kilichotoholewa. Bridgman angeuliza neno linaelekeza kufanya nini. Kipimo hicho hutoa matokeo tofauti. Joto na halijoto, kwa mfano, huchanganywa kila siku katika magazeti na hata katika insha za wanafunzi. Kikombe cha chai katika hoteli ya Garsen kina halijoto ya juu kuliko Mto Tana, lakini mto una joto jingi kuliko vikombe vyote vya mji huo. La kwanza hupimwa kwa kuchovya kipimajoto, la pili kwa kuuliza ni barafu kiasi gani ingeyeyuka. Ni vitendo viwili, kwa hiyo dhana mbili, na Kiswahili kimebahatika kuwa na maneno mawili. Hali, kwa upande mwingine, ni neno lililobeba mizigo mingi mno: hali ya hewa, hali ya mgonjwa, kujuliana hali, na hali ya kitu kuwa mango au kimiminika. Seriamu mbili zenye mpangilio uleule wa atomu zina hali mbili au moja? Jibu halimo katika kamusi. Limo katika pistoni iliyosogea.

Kipimo cha Bridgman kina makali zaidi kinapotolewa maabarani na kuletwa deltani. Neno ukame ni moja. Afisa wa hali ya hewa huupima kwa milimita za mvua. Mfugaji wa Kiorma huupima kwa siku anazotembea na ng'ombe kabla hawajapata maji na malisho. Mkulima wa Kipokomo, ambaye shamba lake la ukingoni hungoja mafuriko ya Tana, huupima kwa maji yaliyopanda au yaliyokosa kupanda, na maji hayo hutokana na mvua ya milima iliyo mbali, si ya Garsen. Mwaka mmoja waweza kuwa wa ukame kwa mmoja wao na usiwe kwa mwingine, na wote wakawa wanasema kweli. Kwa ukali wa Bridgman hizo ni dhana tatu zilizokaa katika neno moja kama watu watatu katika mtumbwi wa mtu mmoja. Panapoamuliwa nani apewe msaada, au ng'ombe wapitie njia gani kufika mtoni, kutozitenganisha dhana hizo si kosa la kisarufi.

Wapinzani wake hawakukosea, lakini. Ikiwa kila namna ya kupima ni dhana mpya, basi dhana hazina mwisho, na mtu hawezi tena kueleza kwa nini rula na mwanga hukubaliana pale vinapokutana. Wanasaikolojia waliopokea fundisho lake kwa pupa waliishia kusema kwamba akili ni kile kipimwacho na mtihani wa akili, na mtihani ukawa hauwezi kukosea tena. Bridgman mwenyewe hakufurahia kila kilichofanywa kwa jina lake. Alijaribu pia kuitumia mbinu hiyo kwa maneno kama wajibu, haki na serikali, katika kitabu cha 1938, na hapo mafanikio yake ni madogo. Mtu aliyezoea kuisoma fasihi atauliza ni kitendo gani kimoja kinachoweza kulipima neno utu, na hatapata. Labda ni halali kusema kwamba Bridgman alieleza vizuri zaidi maneno yanavyokufa kuliko yanavyoishi.

Kile alichokiamini alikitenda. Februari 1939 alichapisha tangazo fupi katika jarida la Science: raia wa nchi za kidikteta hawataonyeshwa tena mitambo yake wala kuelezwa majaribio yake, kwa kuwa raia wa nchi hizo hana uhuru wa kuamua maarifa yake yatumiweje. Baadhi ya wenzake waliona kwamba anawaadhibu watu kwa dhambi za watawala wao na kuuvunja udugu wa sayansi. Hoja hiyo ina uzito hadi sasa. Wakati wa vita alichunguza vyuma vya kinga ya silaha na kupima jinsi uraniamu na plutoniamu zinavyobanika, katika kazi ya bomu iliyoongozwa na J. Robert Oppenheimer, aliyekuwa mwanafunzi wake Harvard. Plutoniamu ni ndugu wa seriamu kwa tabia: elektroni zake zimekaa juu ya mpaka wenyewe, nusu wakaa nyumbani na nusu wasafiri, na ikipashwa moto bila kubanwa hupitia maumbo sita kabla ya kuyeyuka. Mwaka 1955 Bridgman alitia sahihi tamko la Russell na Einstein lililoonya kuhusu silaha za nyuklia.

Tuzo ya Nobel ya fizikia alipewa mwaka 1946. Haikumbadilisha kwa mengi. Aliendelea kuchapisha, hata makala zake zikapita 200, nyingi zikiwa majedwali marefu ya vipimo ambayo watafiti wa leo bado huyafungua ili kujua metali fulani hugeuka wapi. Jambo moja alilolitamani sana alilikosa: kugeuza kaboni kuwa almasi. Alijaribu mara nyingi, na kampuni ya General Electric ikafanikiwa mwishoni mwa 1954, mwaka aliostaafu, kwa kuunganisha kanieneo na halijoto kubwa pamoja na metali ya kuyeyushia.

Mwaka 1961 aliambiwa kwamba ana saratani isiyotibika. Maumivu yalizidi na miguu ikaanza kumwacha. Alimalizia faharasa ya makala zake za majaribio, yaliyokusudiwa kutoka katika mabuku saba, akaituma kwa wachapishaji. Tarehe 20 Agosti 1961, nyumbani kwake Randolph, jimbo la New Hampshire, alijitoa uhai, akiacha waraka mfupi ulioilaumu jamii kwa kumwacha mtu alifanye peke yake jambo ambalo tabibu angemsaidia. Alikuwa na umri wa miaka 79. Waraka huo umejadiliwa tangu hapo katika vitabu vya maadili ya utabibu, na wanaoutaja hawakubaliani. Dini nyingi za pwani ya Afrika Mashariki zingemhukumu. Inatosha kusema kwamba hata hapo hakutaka kutenganisha neno na tendo, na kwamba kwa mkewe na wanawe tendo hilo lilikuwa na uzito ambao hakuna jedwali lake linaloupima.

Mwaka 2014 wanajiolojia waliyapa jina lake madini ambayo hadi wakati huo yalijulikana kwa fomula tu, baada ya chembe zake kupatikana na kuchunguzwa ndani ya kimondo kilichoanguka Australia mwaka 1879. Ni mchanganyiko wa magnesiamu, silikoni na oksijeni ambao kanieneo kubwa imeulazimisha kuchukua umbo jingine, na unakadiriwa kuwa zaidi ya thuluthi moja ya ujazo wote wa dunia. Huanza kupatikana kilomita 660 chini ya ardhi, na huendelea hadi karibu na kiini. Upo chini ya Harvard, na chini ya matope ya Tana pale Garsen, kwa wingi uleule.